Kwa nini wavu wa wanawake uko chini? Somo kwa wazazi na walimu wa voliboli

Na Daktari Wetu

JUMATATU moja asubuhi, mzee mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amemshika bintiye mkono. Msichana huyo wa miaka 16, mwanafunzi wa shule ya upili na mchezaji hodari wa voliboli, alikuwa akichechemea. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba kama embe dodo. Aliniambia kwamba Jumamosi aliruka kupiga mpira mazoezini, akatua kwa mguu mmoja, akasikia kitu kikilia "ta!" ndani ya goti. Alianguka na hakuweza kuinuka bila kushikwa.

Magoti ya namna hiyo nimeyaona mengi. Kilichonigusa siku hiyo ni maneno ya baba yake. Alinieleza kwamba kwa mwezi mzima wasichana wa shule hiyo walikuwa wakifanya mazoezi pamoja na wavulana. Wavu ulifungwa kwa kimo cha wavulana, na miruko ilikuwa ileile na kwa idadi ileile, ili wasichana "waache uvivu".

"Daktari," mzee akauliza, "kaka yake huupita wavu huo bila taabu. Wamelelewa nyumba moja, wamekula ugali mmoja. Huyu ana kasoro gani?"

Msichana aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa karibu.

"Hana kasoro, mzee," nilimjibu. "Mwili wake ni wa mwanamke. Wenye mchezo huo walilitambua jambo hilo zamani, ndiyo sababu wakamshushia wavu."

Mpenzi msomaji, hilo ndilo somo letu la leo. Tutaangalia mwanamume na mwanamke wanavyotofautiana katika voliboli ya kiwango cha juu, chanzo cha tofauti hiyo, na kwa nini mzazi au mwalimu asiyeielewa anaweza kumharibia mtoto maisha akidhani anamjenga.

SENTIMITA 19

Voliboli ilibuniwa mwaka wa 1895 na William G. Morgan katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts, Marekani. Aliwabunia wanaume waliokuja kunyoosha viungo katika chama cha YMCA, hasa wale walioona mpira wa vikapu ni mzito mno kwao. Wavu wake wa kwanza ulikuwa wa futi 6 na inchi 6 tu, yaani karibu mita 1.98.

Siku hizi wavu wa wanaume huwa mita 2.43 na wa wanawake mita 2.24. Tofauti ni sentimita 19, takriban urefu wa kalamu mpya ya risasi. Mengine yote ni sawa. Uwanja ni mita 18 kwa 9 kwa wote. Mpira ni uleule wa gramu 260 hadi 280. Seti ni za alama 25, na ya tano, ikifikiwa, ni ya alama 15. Mwanamke hapunguziwi seti wala hapewi mpira mwepesi.

Linganisha na michezo mingine. Katika mpira wa vikapu, wanawake hutumia mpira mdogo kuliko wa wanaume lakini kikapu hubaki katika kimo kilekile cha mita 3.05. Katika kutupa tufe, mwanamume hutupa kilo 7.26 na mwanamke kilo 4. Voliboli ilifuata njia yake: mpira uleule, wavu tofauti.

Wala hakuna aliyewahi kusema kwamba wavu huo wa chini ni wa mchezo wa watoto. Voliboli ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka wa 1964 mjini Tokyo, iliingia kwa wanaume na wanawake pamoja, na ndiyo iliyokuwa mchezo wa kwanza wa timu kwa wanawake katika Olimpiki.

NJIA PANDA YA KUBALEGHE

Chukua mtoto wa kike na wa kiume wa miaka 9 au 10 uwarushe juu ya kamba. Utaona tofauti ndogo sana, na mara nyingine msichana atashinda. Hii ni kwa sababu kabla ya kubaleghe miili yao inakaribiana kwa kimo, kwa misuli na kwa damu.

Njia zao huachana wakati wa kubaleghe. Korodani za mvulana huanza kutoa homoni iitwayo testosteroni kwa wingi. Mwanamume aliyekomaa huwa na homoni hiyo katika damu takriban mara 15 kuliko mwanamke. Kazi yake haiishii kwenye ndevu na sauti nzito. Hujenga misuli, hunenepesha mifupa, na huchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu.

Msichana naye hupata homoni ya estrojeni, ambayo hupanua nyonga, hutengeneza akiba ya mafuta kwa ajili ya uzazi, na hufunga ncha za mifupa mapema. Ndiyo sababu wasichana wengi huacha kurefuka wakiwa na miaka 15 au 16 hivi, huku wavulana wakiendelea kwa takriban miaka 2 zaidi.

Matokeo yake mwilini ni haya:

Kimo: Kwa wastani mwanamume humzidi mwanamke wa jamii yake kwa sentimita 12 au 13. Mikono yake pia huwa mirefu, na viganja vyake vipana.

Misuli: Nguvu za miguu ya mwanamke kwa wastani huwa karibu theluthi mbili za nguvu za mwanamume. Nguvu za mikono na mabega huwa karibu nusu tu, au zaidi kidogo.

Mafuta: Hata mwanamke mwanamichezo aliyekonda huhitaji mafuta mengi kuliko mwanamume mwenzake. Mafuta hayo hayarushi mwili, bali hubebwa. Lakini akiyapoteza mno, uzazi na mifupa yake huingia hatarini, kama tutakavyoona.

Damu: Himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni, huwa juu kwa mwanamume kwa takriban asilimia 12.

Yafaa ieleweke kwamba hizi ni hesabu za wastani. Mchezaji wa kike wa timu ya taifa ataruka juu kuliko wanaume wengi utakaokutana nao leo katika barabara ya Moi Avenue. Lakini ukimlinganisha mwanamke aliyefikia kilele cha mchezo na mwanamume aliyefikia kilele hichohicho, pengo linaonekana wazi.

HESABU YA JUU YA WAVU

Pengo hilo halilingani katika kila kitendo. Katika kukimbia ni karibu asilimia 10. Rekodi ya dunia ya mita 100 ni sekunde 9.58 kwa wanaume, iliyowekwa na Usain Bolt mwaka wa 2009, na sekunde 10.49 kwa wanawake, iliyowekwa na Florence Griffith-Joyner mwaka wa 1988. Katika kuruka juu, pengo hupanuka. Javier Sotomayor wa Cuba aliruka mita 2.45 mwaka wa 1993, naye Yaroslava Mahuchikh wa Ukraine akaruka mita 2.10 mwaka wa 2024. Hizo ni sentimita 35. Na katika kupiga au kurusha kwa mkono juu ya bega, pengo huweza kufika asilimia 30 na zaidi, kwa maana mabega ndipo mahali misuli inapotofautiana kabisa.

Sasa, voliboli ni mchezo gani? Ni kuruka juu na kupiga kwa mkono kwa wakati mmoja. Huunganisha vitendo viwili ambavyo pengo lake ni kubwa. Ndiyo sababu tofauti ya wanaume na wanawake katika voliboli huonekana kuliko katika mbio.

Tufanye hesabu. Mpigaji hodari wa kiume, akiruka, mkono wake hufikia mita 3.50 hivi. Mwanamke wa kiwango hicho hufikia mita 3.10 hivi. Pengo kati yao ni sentimita 40. Ondoa kimo cha wavu wa kila mmoja: mwanamume anabaki na sentimita 107 juu ya wavu wake, naye mwanamke sentimita 86 juu ya wake. Basi hata baada ya kushushiwa wavu, mwanamke bado ana nafasi ndogo ya kuuelekeza mpira chini. Zile sentimita 19 zinaziba karibu nusu tu ya pengo.

Na kasi ya mpira haina wavu wa kuisawazisha. Mpigo wa kuanzisha wa kuruka, ambao vijana huuita sevu, kwa wanaume wakali hupita kilomita 120 kwa saa. Kwa wanawake wengi wa kiwango hicho huwa kati ya kilomita 80 na 100. Ukipuuza upinzani wa hewa, mpira wa kilomita 120 kwa saa husafiri mita 15 kwa sekunde 0.45. Mpira wa kilomita 85 huchukua sekunde 0.64. Tofauti ni kama sekunde 0.2, muda ambao jicho na ubongo wa binadamu huhitaji kuona kitu na kuanza kukiitikia. Mpokeaji wa mpira wa wanaume huwa amenyang'anywa muda huo.

MCHEZO MMOJA, SURA MBILI

Kutokana na hayo, michezo hii miwili hupata sura tofauti. Kwa wanaume, timu ikiupokea mpira vizuri na seta akauinua vyema, mara nyingi shambulizi la kwanza humaliza kazi. Mpira hupigwa, hugonga sakafu, na firimbi hulia.

Kwa wanawake, mpira huokolewa mara nyingi zaidi. Hupigwa, huchotwa kutoka sakafuni, huinuliwa tena, hupigwa upya. Alama moja huweza kuchukua mashambulizi matatu au manne kabla ya kupatikana. Timu ya wanawake isiyojua kulinda haishindi hata iwe na wapigaji warefu kama minazi. Hapo huhitajika subira, akili ya kusoma mpira utakakoangukia, mawasiliano, na miguu isiyochoka upesi. Watazamaji wengi hupenda voliboli ya wanawake kwa sababu hiyohiyo.

Kumbuka pia kwamba vitu vingi vya thamani katika mchezo huu havitegemei testosteroni. Mikono laini ya seta, jicho la libero, ujanja wa kuudondosha mpira nyuma ya wazuiaji, na utulivu wakati alama ni 24 kwa 24 hutokana na mafunzo na uzoefu.

Wakenya tuna ushahidi nyumbani. Timu yetu ya wanawake, Malkia Strikers, ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 10 kufikia mwaka wa 2023. Imecheza katika Olimpiki za Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo 2020 (zilizofanyika 2021) na Paris 2024. Vilabu vya wanawake vya Pipeline, Magereza na KCB vimewahi kuwa mabingwa wa vilabu barani. Timu yetu ya wanaume haijawahi kufika Olimpiki hata mara moja. Kwa hivyo mwalimu anayewaambia wasichana wa Kenya kwamba wao ni wavivu wa voliboli aulize kwanza ni akina nani walioipeperusha bendera.

GOTI LA MSICHANA

Sasa turudi kwa yule msichana wetu. Tuseme akiruka mkono wake hufikia mita 2.60. Juu ya wavu wa wanawake ana sentimita 36 za kufanyia kazi. Juu ya wavu wa wavulana ana sentimita 17. Ili apate chochote hapo, kila mruko lazima uwe wa nguvu zote. Akirudia hivyo mara 100 kwa siku, siku 5 kwa juma, misuli ya mapaja huchoka, na misuli iliyochoka hutua vibaya.

Sisemi kwamba wavu peke yake ulimkata goti. Nasema alichoshwa kupita kiasi na wala hakuna aliyemfundisha kutua.

Katikati ya goti kuna kamba mbili fupi na ngumu zilizopishana kama msalaba. Hufunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi ili visiteleze. Ile ya mbele ndiyo hukatika mara nyingi. Katika michezo ambayo wanaume na wanawake huicheza kwa kanuni zinazofanana, kama vile kandanda na mpira wa vikapu, wanawake huikata kamba hiyo mara 2 hadi 3 zaidi kuliko wanaume.

Sababu ni kadhaa. Nyonga pana huwafanya wasichana wengi watue magoti yakiinamia ndani, kama herufi X. Wengi hutua wakiwa wamenyoosha magoti badala ya kuyakunja. Misuli ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo breki ya goti, huwa dhaifu ikilinganishwa na ya mbele. Isitoshe, kamba yenyewe huwa nyembamba zaidi. Wataalamu wanaamini pia kwamba homoni zina mchango wake.

Wavulana nao hawajasalimika. Kwa kuwa wao ni wazito na huruka juu zaidi, husumbuliwa mno na maumivu ya kano iliyo chini ya pia ya goti. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba karibu asilimia 45 ya wanaume wa voliboli ya kiwango cha juu walikuwa na tatizo hilo. Kifundo cha mguu nacho huteguka kwa wote, hasa mchezaji anapotua juu ya mguu wa mwenzake karibu na wavu.

Lakini kamba ya goti ikikatika, hasara ni ya miaka. Wengi huhitaji upasuaji, na kurudi uwanjani kabla ya miezi 9 ni kuliweka goti katika hatari ya kukatika tena. Hata baada ya matibabu mazuri, magoti ya wengi huanza kuchakaa miaka 10 hadi 20 baadaye. Msichana wa miaka 16 anaweza kufika miaka 35 akipanda ngazi kama ajuza.

KUTUA HUFUNDISHWA

Habari njema ni kwamba jambo hili laweza kuzuiwa. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba mazoezi maalumu ya kutua na kujenga misuli hupunguza kukatika kwa kamba hiyo kwa wasichana kwa karibu nusu. Hayahitaji mashine. Dakika 15 kabla ya mazoezi ya kawaida, mara 2 au 3 kwa juma, zatosha:

1. Ruka na utue kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na makalio yakirudi nyuma kama mtu anayeketi kigodani. Mwalimu asikilize. Kishindo kikubwa ni dalili ya kutua vibaya.

2. Mwenzako asimame mbele yako atazame magoti. Yaelekee vidole vya miguu, yasigusane.

3. Simama kwa mguu mmoja huku ukirushiana mpira na mwenzako, sekunde 30 kila mguu.

4. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha inama mbele polepole mgongo ukiwa umenyooka. Zoezi hili hujenga misuli ya nyuma ya paja.

5. Kuchuchumaa na kuinuka, mwanzo bila mzigo, baadaye kwa mzigo mwepesi chini ya uangalizi.

Wapo wazazi wanaoogopa kwamba binti akiinua vyuma atageuka mwanamume. La hasha! Hana testosteroni ya kumgeuza. Ila nguvu zake zitaongezeka kwa asilimia inayokaribia ile ya mvulana, kila mmoja kuanzia alipokuwa. Hiyo ni kinga yake.

HEDHI SI SIRI YA KUFICHWA

Kuna jambo jingine ambalo huwapata wasichana wanaofanya mazoezi makali, nalo huonekana kwanza katika hedhi. Nilipomhoji yule msichana baba yake akiwa nje, aliniambia hakuwa ameona damu kwa miezi 4. Alidhani ni jambo la kufurahia, kwa kuwa halikumsumbua tena wakati wa mechi. Tulipima, na hakuwa mjamzito. Alikuwa akikimbia kila asubuhi kabla ya kunywa hata uji, na mchana akipunguza chakula kwa sababu aliambiwa mzito haruki.

Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayofanyishwa huanza kubana matumizi. Huzima kwanza kile usichokihitaji ili kuishi leo, yaani uzazi. Homoni ya estrojeni hushuka, hedhi hukatika, na mifupa, ambayo huitegemea homoni hiyo, huanza kudhoofika katika umri ambao ilipaswa kuweka akiba ya maisha yote. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilichapisha taarifa ya wataalamu kuhusu hali hii ya upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na ikaeleza kwamba hata wanaume huweza kupatwa nayo. Lakini kwa msichana dalili yake huwa wazi, mradi tu awepo wa kumuuliza.

Msichana yeyote ambaye hajapata hedhi afikapo miaka 15, au ambaye hedhi imekatika kwa miezi 3 au zaidi, amwone daktari. Asiambiwe kwamba hiyo ndiyo dalili ya mazoezi mazuri.

Halafu kuna damu yenyewe. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu himoglobini ikiwa chini ya gramu 12, na mwanamume ikiwa chini ya gramu 13. Kwa kuwa msichana hupoteza damu kila mwezi, huhitaji madini ya chuma mengi kuliko mvulana. Ongeza malaria na minyoo ya safura katika sehemu kadhaa za nchi yetu, na utaelewa kwa nini mchezaji aliyeitwa mvivu huenda ni mgonjwa. Anayehema upesi, anayepauka viganja, anayesinzia darasani, apimwe damu kwanza, alaumiwe baadaye.

Chakula cha kumsaidia hakitoki ng'ambo. Nyama, maini, omena, maharagwe, ndengu, terere na managu vina madini hayo. Ale pamoja na chungwa, ndimu au nyanya ili mwili uyafyonze vyema. Chai anywe saa moja au mbili baada ya chakula, kwani ikinywewa pamoja nacho huzuia madini hayo.

La mwisho, ambalo wengi huona haya kulitaja: wasichana na wanawake wengi wa michezo ya kuruka huvuja mkojo kidogo wanapotua. Wengine huacha kunywa maji, wengine huacha mchezo kabisa. Si laana wala uchafu. Misuli inayoshikilia kibofu imelemewa. Kaza misuli hiyo kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi 5, achilia, urudie mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku kwa miezi 3. Wengi hupona au hupata nafuu kubwa.

MZAZI NA MWALIMU WAFANYE NINI?

Kwanza, fungeni wavu kwa kimo cha wanaoucheza. Kwa wachezaji wadogo ushusheni zaidi, mkiupandisha kadiri wanavyokua.

Pili, wasichana na wavulana wanaweza kufanya mazoezi pamoja ya kupokea, kuinua na kulinda. Lakini idadi ya miruko ipangwe kwa kila mtu kulingana na mwili wake, na siku ya mapumziko iheshimiwe.

Tatu, msichana asianze mazoezi ya alfajiri tumbo likiwa tupu. Uji na ndizi vyatosha kumwanzishia siku.

Nne, kila timu ya wasichana iwe na mwanamke mmoja anayeaminika, mwalimu au matroni, wa kuulizwa mambo ya hedhi na mkojo.

Tano, goti likilia na kuvimba katika saa chache, mchezo umeisha siku hiyo. Mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hadi 20, funga bendeji, inua mguu, mpeleke hospitalini. Msimkande kwa maji moto wala kumvuta mguu. Uvimbe wa haraka mara nyingi ni damu ndani ya goti, na kukanda huiongeza.

TAMATI

Picha zilithibitisha kwamba kamba ya mbele ya goti la msichana wetu ilikuwa imekatika. Alifanyiwa upasuaji, akaanza safari ndefu ya mazoezi ya kulirejesha goti. Tulianza pia kumlisha, na mwezi wa tatu hedhi ikarudi. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa akijifunza upya kutua, polepole, kutoka kwenye ngazi moja ya zahanati yangu. Alitua bila kishindo, akatabasamu.

Baba yake alikuwa amesimama kando akitazama. "Daktari," akasema, "nilimlinganisha na kaka yake bure."

Naam. Mbuyu na mnazi yote ni miti, lakini hakuna anayeulaumu mbuyu kwa kutozaa nazi. Waliotunga sheria za voliboli walishusha wavu sentimita 19, na mchezo wa wanawake haukupoteza heshima yake. Sisi wazazi, walimu na madaktari tuwapangie binti zetu mazoezi, chakula na mapumziko kwa busara hiyohiyo.